Kufuli Kwenye Laini ya Sita

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, fundi wa simu alipigwa risasi akiwa juu ya nguzo mbele ya lango la kituo cha umeme. Alikuwa amekata waya mmoja kati ya nne. Risasi ya kwanza ilimpata pajani, ya pili mgongoni. Mkanda wa kupandia haukumwacha aanguke. Alibaki akining'inia kichwa chini. Koleo lake lilidondoka barabarani. Askari wa doria aliyefyatua aliliokota, akaligeuza geuza, akalitia mfukoni.

Msimamizi wa zamu aliyaona hayo kutoka dirisha la chumba cha mitambo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameipitisha ndani ya chumba hicho. Kituo kilipokea umeme mkubwa, kikaupunguza nguvu, kikaugawa mjini kwa laini tisa. Laini ya sita ilikwenda kwenye mitambo ya kurushia matangazo ya redio, na haikwenda kwingine.

Jeshi lilikuwa limetwaa ikulu na jengo la redio saa kumi alfajiri. Magari yenye vipaza sauti yalizunguka mitaani yakitangaza kwamba Jenerali atahutubia taifa saa sita kamili mchana. Chama cha wafanyakazi nacho kilipitisha ujumbe wa neno moja kwa simu, kutoka ofisi hadi ofisi: wasihudumiwe. Saa kumi na mbili na dakika hamsini msimamizi alizima laini ya sita. Hakuna aliyemwambia izimwe ipi.

Ndani walikuwa watatu. Mwingine alikuwa karani wa zamu, mtu wa kustaafu mwaka ule, ambaye kila mtu alimwita Mzee wa Daftari kwa sababu hakuna jambo lililopita mbele yake bila kuandikwa pamoja na saa yake. Nyakati zilizomo humu zinatoka kwake. Wa tatu alikuwa fundi wa laini, mdogo wake msimamizi kwa baba na mama, aliyeitwa Mjusi tangu wiki yake ya kwanza kazini, kwa jinsi alivyoganda juu ya nguzo.

Saa tatu na dakika kumi simu ililia. Kituo cha upande wa pili wa mji: wanajeshi walikuwa wamekuja na fundi wao na kuwasha kila kilichozimwa.

"Swichi haitoshi, Dada," alisema Mjusi. "Wakija na mtu anayejua, wanawasha dakika mbili. Lazima laini ikatike yenyewe. Nguzo ya kumi na nne, nyuma ya ghala la unga. Pale kuna viungio vitatu. Nikivifungua nikashuka navyo, hata waje na mkuu wa majeshi hawana la kuunganisha."

"Bolti za pale hazijaguswa miaka mingapi?"

"Kumi na tisa. Nitazibembeleza."

"Umemwona wa simu."

"Yule alipanda mbele ya macho yao. Mimi nimeoa, najua kujificha." Alikuwa tayari anatafuta kufuli lake.

Hiyo ilikuwa kawaida ya kazi, na walioivunja walifukuzwa. Fundi anayepanda nguzo huzima laini, hutia kufuli lake mwenyewe kwenye mpini wa swichi, hutundika kibao chekundu chenye namba yake, tarehe na saa, kisha hupanda na ufunguo shingoni. Hakuna mwingine mwenye ufunguo huo, hata meneja. Akifika juu huzifunga nyaya za ardhi: nyaya nene za shaba zenye vibano, zinazounganisha laini na udongo, ili umeme ukija kwa bahati mbaya uishie ardhini na swichi ijizime yenyewe. Vibano hivyo lazima vikazwe kwa spana. Mjusi alikuwa na barua mbili za onyo kwa kutovikaza; alivining'iniza tu, akisema kazi ya dakika tano haihitaji maandalizi ya dakika kumi. Barua zote mbili zilisainiwa na dada yake.

"Leo ukaze," alimwambia.

"Nitakaza."

"Mjusi."

"Dada, nimesema nitakaza. Nikichelewa mwambie wifi yako sipo kwa mke mdogo." Akatundika kibao, akabana kufuli, akaruka ukuta wa nyuma saa tatu na dakika thelathini na tano.

Malori mawili ya jeshi yaliingia barabara ile dakika kumi na saba baadaye. Mlinzi wa lango aliambiwa afungue. Alisema funguo ziko ofisini, akageuka kwenda kuzileta. Akapigwa risasi kisogoni kabla ya hatua ya nne. Msimamizi aliposikia mlio huo alikwenda kwenye swichi ya laini ya sita, akakitoa kibao chekundu, akakiingiza ndani ya blauzi. Kufuli hakuweza kulitoa. Kufuli peke yake lingeweza kuwa lolote: limesahauliwa, limewekwa kwa matengenezo. Kibao kingewaambia kwamba mtu yuko juu, saa hiyo, na ni laini gani ya kuifuata ili wampate. Alikwishaona wanavyofanya kwa mtu aliye juu ya nguzo. Kwa miaka ishirini na sita hakuwa amewahi kuondoa kibao cha mtu.

Waliingia watatu: Kapteni, askari mmoja wa kawaida, na Sajini mwenye mkoba wa zana begani. Wengine tisa, chini ya Koplo, walibaki langoni.

"Unaandika nini wewe?" Kapteni alimuuliza Mzee wa Daftari.

"Saa uliyoingia, afande. Kila anayeingia anaandikwa."

Kapteni alimpiga kwa kitako cha bastola juu ya jicho. Mzee alijifuta kwa mkono wa shati, akatazama saa ya ukutani, akaandika tena. Damu ilidondokea kwenye safu ya maelezo, na ukurasa huo upo hadi leo.

Kapteni alitaka jambo moja: umeme wa redio kabla ya saa sita. Alieleza kwa utulivu, kama mtu anayefundisha. Watu hawajui nani anatawala mpaka wasikie sauti. Wakisikia sauti watarudi nyumbani wakapike. Ndivyo ilivyokwenda kwa majirani, na ndivyo itakavyokwenda hapa.

"Na wasiporudi?" aliuliza msimamizi.

"Watarudi."

Kufikia saa nne na robo watu walikuwa mbele ya lango. Mzee aliandika "mia nne hivi", naye si mtu wa kuongeza. Walikuwa manesi wa zamu ya usiku wakiwa bado na sare, wauza mkate, walimu, mafundi wa gereji. Walikaa chini barabarani, mbele ya malori, wakafunga njia. Hawakuwa na silaha. Wenye mawe waliambiwa na wenzao wayatupe, wakayatupa. Miongoni mwao alikuwa mke wa Mjusi, nesi wa wodi ya wazazi. Hakujua mumewe yuko wapi. Alidhani yuko ndani ya kituo, na ndiyo maana alikuja.

Koplo aliwaamuru waondoke. Mwanamke mnene wa safu ya mbele alimnyooshea kidole askari aliyesimama karibu naye.

"Wewe si mtoto wa fundi cherehani wa kule sokoni? Sare zako za shule nilikuwa nafunga vifungo mimi."

"Mama, nyamaza," alisema askari.

"Ninyamaze nini? Huyo bwana wenu anataka kumtawala nani? Hata wa kumchemshia chai leo hayupo."

Watu walicheka. Saa nne na dakika ishirini na tisa amri ilitoka, na askari wakafyatua juu. Hakuna aliyenyanyuka. Amri ya pili ilitoka, wakafyatua chini. Safu ya mbele ililala. Waliokuwa nyuma waliwavuta waliopigwa kwa mikono na miguu, wakawapeleka pembeni ambako manesi walikuwa wakichana shuka, kisha watu wengine wakasogea na kukaa palepale, juu ya damu. Maiti zilikuwa saba. Mwanamke wa vifungo alikuwa ya tatu.  Baada ya hapo yule askari mtoto wa fundi cherehani alishika bunduki mdomo ukiwa umeelekea chini, na Koplo hakumwambia chochote.

Ndani, Sajini, aliyetumia zaidi ya saa nzima kufuata nyaya uani ili aijue laini ya redio, alikuwa amesimama mbele ya swichi ya laini ya sita. Alikigusa kile kipande cha chuma kwa kidole kimoja.

"Kuna kufuli, afande."

"Ufunguo uko wapi?" Kapteni alimuuliza msimamizi.

"Anao fundi."

"Fundi yuko wapi?"

"Hakuja kazini leo. Nani anakuja kazini siku kama hii?"

Kapteni alifikiri kidogo, akamwelekezea Mzee wa Daftari bastola mguuni na kufyatua. Risasi ilivunja mfupa chini ya goti. Mzee alitoa sauti moja fupi, akaanguka pamoja na kiti. Msimamizi alivua kitambaa chake cha kichwa, akaufunga mguu juu ya goti, akakaza kwa rula ya chuma. Alikuwa amefundishwa huduma ya kwanza kila mwaka.

"Ufunguo," alisema Kapteni.

"Ungekuwa hapa ningekupa kabla hujampiga," alijibu, na hilo lilikuwa kweli.

Sajini alitoa mkasi wa kukatia chuma kwenye mkoba. Hakukata mara moja. Alisogea karibu na msimamizi, akasema kwa sauti ya chini, lakini Kapteni alikuwa hatua mbili tu kutoka kwao.

"Mama, hili ni kufuli la mtu. Kuna mtu juu?"

"Hakuna."

"Kibao chake?"

"Lilisahauliwa juzi. Kibao kilitolewa, ufunguo akaondoka nao."

"Mimi nilikuwa fundi wa laini miaka sita kabla ya jeshi. Sijawahi kukata kufuli la mtu. Nakuuliza tena."

Msimamizi alikuwa na mambo mawili ya kupima, na muda wa kuyapima ulikuwa huo tu. Akisema kuna mtu, Kapteni angetuma askari wafuate laini nguzo kwa nguzo, na kufika ya kumi na nne ni mwendo wa dakika saba. Akisema hakuna, umeme ungekwenda. Lakini ungekuta nyaya za ardhi, swichi ingejizima, na Mjusi angekuwa mzima. Risasi hazina nyaya za ardhi. Kuhusu Sajini mwenyewe, kwamba angekataa kuwasha kama angejua, hakulifikiria. Alimwona ni askari.

"Hakuna mtu juu," alisema.

Saa tano na dakika ishirini na tatu kufuli lilikatwa. Saa tano na dakika ishirini na nne Sajini aliusukuma mpini.

Mshale wa geji uliruka hadi mwisho wa kioo ukagonga. Swichi ilijizima kwa kishindo kilichotikisa madirisha. Msimamizi alivuta pumzi. Mshale uliogonga ulikuwa habari pekee aliyoweza kuipata kutoka nguzo ya kumi na nne, na ilisema nyaya ziko mahali pake.

"Nini hicho?" aliuliza Kapteni.

"Laini imegusa ardhi," alisema Sajini. Alimtazama msimamizi. "Imegusa vizuri sana."

"Ni mti," alisema msimamizi. "Kuna miti nyuma ya ghala."

"Mti hauvuti hivyo, mama. Mti unasitasita. Hii ni shaba."

"Washa tena," alisema Kapteni.

Saa tano na dakika ishirini na sita Sajini aliwasha tena. Mshale uligonga tena, swichi ikajizima tena, safari hii ikaangusha na mipini mingine minane, na harufu ya mafuta ya moto ikaingia kutoka uani.

"Afande, mara mbili ndiyo mwisho. Ikikataa mara mbili, mtu anakwenda kuitembelea laini kwa miguu. Ndiyo kanuni."

"Kanuni ya nani?"

"Ya mafundi."

Kapteni alimwekea bastola shavuni. "Washa."

Dakika tatu zilipita kati ya mara ya pili na ya tatu. Kilichotokea nguzoni katika dakika hizo kimesimuliwa na mlinzi wa ghala la unga, aliyekuwa chini ya paa lake, hatua hamsini kutoka pale. Cheche ya kwanza ilipopiga, Mjusi alianza kushuka. Ya pili ilipopiga, alikuwa nusu ya nguzo. Alitazama juu, akaona kibano kikuu, kile kinachoziunganisha nyaya zote na udongo, kimeteguka na waya unaning'inia kwa ncha. Alikuwa amefungua kiungio kimoja nusu. Bolti zilikuwa zimemkatalia. Mlinzi alimwambia, "Shuka, bwana." Mjusi alijibu kwamba kibano kikitoka, redio itasema. Akapanda tena, spana mkononi, ili akikaze.

Saa tano na dakika ishirini na tisa mpini ulisukumwa mara ya tatu. Mshale uliruka, ukatetemeka, ukarudi taratibu katikati, ukatulia kwenye sitini. Swichi haikujizima. Taa ya kijani iliwaka.

"Umeona?" alisema Kapteni. "Ni kusukuma tu."

Msimamizi aliketi sakafuni kando ya Mzee wa Daftari, mgongo ukutani. Mzee, ambaye alikuwa ameomba apewe daftari lake pale chini, aliandika: laini ya sita imewaka. Kisha akamtazama usoni, kalamu ikasimama.

"Mwanangu," alinong'ona, "alikaza?"

Msimamizi aliutazama mshale.

Kapteni alizungumza kwenye redio yake ya mkononi kwa dakika nne. Alisifiwa. Saa tano na dakika thelathini na tano sauti zilibadilika nje. Mlinzi wa ghala alikuwa amekuja mbio hadi langoni, na alilosema lilipita katika kundi la watu kutoka mbele kwenda nyuma: mtu anaungua nguzoni nyuma ya ghala, na moto haumwachi. Askari wa langoni walilisikia kama wengine. Sajini alitoka chumbani, akapanda ngazi za chuma za paa, akasimama huko kama nusu dakika. Kutoka juu ya paa nguzo ya kumi na nne inaonekana.

Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwenye mpini, akaizima laini ya sita.

"Washa," alisema Kapteni.

"Kuna mtu juu."

"Ameshakufa."

"Ndiyo. Ameshakufa. Siwashi."

Kapteni alimpiga risasi mbili za kifua. Sajini aliuachia mpini, akayumba kando ya safu, akaanguka mbali nao. Kapteni alimruka, akasimama mbele ya safu ya mipini tisa. Yote ilikuwa imezimwa, inafanana, naye hakujua lile kufuli lilikuwa kwenye upi. Vipande vyake vilikuwa vimesukumwa kwa mguu chini ya meza. Namba zilikuwa zimefutika zamani kwa kushikwa, na waliofanya kazi humo hawakuzihitaji. Alimgeukia msimamizi.

"Upi?"

Msimamizi aliendelea kuukaza mguu wa Mzee. Kapteni aliwasha mmoja. Kengele ya hitilafu ikaanza kulia. Akawasha mwingine. Akamwita yule askari aliyekuja naye. Askari alisema yeye ni dereva. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini na mbili.

Milio ya bastola ilikuwa imemleta Koplo kutoka langoni na askari wanne. Waliingia wakamkuta Sajini chali, macho wazi, na Kapteni akipiga kelele atafutiwe mtu anayejua mitambo.

"Nani kampiga Sajini?" aliuliza Koplo.

"Mimi. Alikaidi amri. Na wewe rudi langoni."

"Alikaidi nini?"

"Koplo, rudi langoni."

Kapteni alinyanyua bastola, lakini hakuwahi kulenga. Risasi ya Koplo ilimwingia shingoni, akachukua kama dakika mbili kufa, akijaribu kuzuia damu kwa vidole. Hakuna aliyemsaidia. Msimamizi, aliyejua namna ya kumsaidia, alikuwa ameushikilia mguu wa Mzee.

Saa sita kamili redio zilizokuwa zimewashwa mjini zilitoa mlio wa mawimbi matupu. Saa sita na dakika tano hali ilikuwa hiyohiyo. Saa sita na dakika ishirini Koplo na askari tisa waliacha malori pamoja na funguo zake, wakaondoka kwa miguu kuelekea kambini, wakipita katikati ya watu waliokaa. Watu walikunja miguu kuwapisha. Askari wa fundi cherehani hakwenda nao. Alikuwa amekaa kando ya maiti ya tatu, bunduki akiwa ameiacha kwenye lori. Jioni ya siku hiyo vikosi vingine viwili vilirudi makambini. Hayo yameandikwa na wengine.

Mafundi watatu waliokuwa kwenye kundi la watu walikwenda nguzo ya kumi na nne kumteremsha Mjusi. Msimamizi alimwacha Mzee kwa manesi, akaenda nao. Kabla hawajapanda alitaka kila mmoja arudi kwanza kituoni akafunge kufuli lake kwenye swichi, na ilibidi watii, kwa sababu hakukubali vinginevyo. Walimshusha kwa kamba, wakamlaza juu ya mlango wa bati uliotolewa ghalani. Mikono yote miwili ilikuwa imeungua hadi mifupa. Mlinzi alieleza alichokiona, tangu mwanzo hadi mwisho, akiulizwa na kurudia.

Mke wa Mjusi alifika akiwa na damu za watu wengine kwenye sare. Alipiga magoti, akamfunika mumewe uso kwa koti lake. Kisha alisimama, akamshika wifi yake bega, kwa kuwa wifi alikuwa akiyumba.

"Wifi," alisema, "waliowasha walijua yuko juu?"

"Hawakujua."

"Hawakuuliza?"

"Waliuliza. Yule sajini aliniuliza. Nilimwambia hakuna mtu."

Saa saba na dakika kumi na moja, kwa saa ya mlinzi wa ghala, mke wa Mjusi aliutoa mkono wake begani mwa wifi yake, akashika ncha moja ya mlango wa bati, akawaambia mafundi wanyanyue.